Tishari Linalopotea Kila Alhamisi

Oktoba 2, Alhamisi

Leo nimepanda tishari kwa mara ya kwanza, na hata sasa nikiwa nimeketi kitandani bado naisikia injini miguuni.

Profesa wangu, Els, alinipitia asubuhi akanipeleka Vilvoorde, nje kidogo ya Brussels, ambako mfereji ni mpana na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Hapo tulimkuta nahodha Lutgarde. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye viganja vipana. Alizaliwa ndani ya tishari na hajawahi kuishi katika nyumba isiyoelea. Chombo chake kinaitwa Volharding, na kila Alhamisi huleta mchanga wa ujenzi mjini.

Mimi nimetoka Tanga kuja kusomea udhaifu wa mashine zinazojiendesha: magari, meli, ndege. Tunatafuta tundu kabla mwizi hajaliona. Kwenye chumba cha usukani cha Volharding kuna kisanduku cheusi. Nahodha anachora mstari kwenye ramani ya skrini, kisanduku kinasikiliza setilaiti za GPS ili kijue kilipo, kisha kinageuza usukani chenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Lutgarde amekaa nacho tangu mwaka jana na alikipenda, maana mabega yanamuuma.

Kaka yake pia yumo, Pol, padri mstaafu aliyehudumu Bukavu ujana wake wote. Aliponiona alinyoosha mikono miwili.

“Karibu, mutoto yangu. Swahili yangu ni ya Bukavu, usinicheke.”

Ikawa yeye ndiye mkalimani wangu. Tukasafiri vizuri, mvua nyepesi, bata pembeni, hadi kwenye kona iliyo kabla ya daraja la Buda, palipo na maghala ya vifurushi. Skrini ilionyesha tuko katikati ya mfereji, taa ya kijani, kila kitu salama. Niliinua macho nikaona ukuta wa mawe unatujia dirishani.

Lutgarde alishika usukani kwa mikono yote miwili akatutoa. Muda kidogo baadaye skrini ikaruka kama mtu aliyegutushwa usingizini, mashine ikajaribu kupindua usukani kwa nguvu upande wa pili, naye akaizima. Pol akanieleza kwamba imekuwa hivyo tangu Agosti, mahali palepale. Kampuni iliyotengeneza kisanduku inasema nahodha anabonyeza vibaya.

Nilikuwa karibu kupiga makofi. Udhaifu hai, mbele ya macho yangu, siku ya kwanza! Ndipo nikamwona Lutgarde akifuta jasho mdomoni kwa mkono wa sweta, nikaishusha mikono.

Oktoba 3

Mvua. Nimeandika maswali kurasa nzima.

Oktoba 5, Jumapili

Nimepanga chumba mtaa wa Saint-Gilles, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, ngazi nyembamba hadi viatu vinagongana. Wenyeji wangu ni tonton Onésime na mkewe maman Bibiane, watu wa Bukavu; ndivyo wanavyotaka niwaite, mjomba na mama kwa Kifaransa. Tonton anasambaza vifurushi kwa gari dogo la mizigo la kampuni. Anaondoka kabla ya jua na kurudi amechoka mpaka anakula na koti. Maman anahudumia wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe.

Leo waliporudi kanisani tulikula sombe, kisamvu chao, na samaki. Tonton hachoki na habari zangu. Alitaka kujua tishari linabeba nini, padri anaitwa nani, alikaa parokia gani. Maman akasema, kumbe tumepata mtoto wa kutusimulia, tufunge televisheni.

Oktoba 9, Alhamisi

Imetokea tena! Kona ileile, saa zilezile za mchana. Safari hii laptop yangu ilikuwa imeunganishwa na antena juu ya paa, na nimenasa kila kitu.

Sauti ya setilaiti inatoka mbali sana hivi kwamba ikifika chini ni mnong’ono. Pale konani kuna kitu kinapiga kelele, kama muuza mitumba anayesimama kati yako na anayekunong’oneza. Mnong’ono unafunikwa. Lakini kilichonifanya niruke kwenye kiti si kelele. Ni kwamba kisanduku kikikosa kusikia, hakisemi. Hakilii, hakiwashi taa nyekundu. Kinakisia. Kinaendelea kukisia huku taa ikiwa ya kijani, na makisio yanazidi kukosea kila dakika, mpaka mnong’ono urudi. Hapo ndipo kinagutuka na kupindua usukani.

Nilimpigia Els nikiwa bado gatini. Akasema nisilale, nimtumie data sasa hivi. Nimetuma.

Oktoba 13

Els amekubali: tuna vitu viwili vya kutafuta. Kelele inatoka wapi, na kwa nini kisanduku kinanyamaza. La pili ni la kampuni. La kwanza ni langu.

Oktoba 16, Alhamisi

Leo tumegusa. Upepo ulikuwa mkali, Lutgarde alichelewa kidogo tu kushika usukani, na ubavu wa Volharding ukakwaruza magogo ya kinga kwenye daraja. Mlio wake ulinipanda hadi menoni. Hakuna aliyeumia.

Mkaguzi wa njia za maji alikuja, mwanamke mpole mwenye koti la njano. Aliuliza umri wa nahodha mara mbili. Akasema likitokea jingine, cheti cha unahodha kitaangaliwa upya, na macho yapimwe.

Tulimpigia mhandisi wa kampuni ya kisanduku, anaitwa Jens. Nilimweleza nilichonasa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwamba kisanduku hakikurekodi hitilafu yoyote, matishari mengi ya Ubelgiji na Uholanzi yanakitumia, na hakuna nahodha mwingine aliyelalamika. Nilimwambia hilo ndilo tatizo lenyewe, hakirekodi. Akasema asante kwa shauku yangu.

Lutgarde alikuwa akiosha kikombe. Alikiosha kikombe kimoja hicho muda wote wa mazungumzo.

Oktoba 20

Nimekuwa nikiutembea mfereji kwa miguu na antena ya mkono, inayofanana na kichana kikubwa. Mvua imenilowesha hadi soksi. Niliporudi maman alinitia miguu kwenye beseni la maji ya moto, akamgeukia mumewe.

Tonton akasema, “Bon, mutoto atakufa na baridi. Jioni nikimaliza kazi, nitakupeleka na camionnette. Tutatafuta ile kelele yako sisi wote.”

Camionnette ni lile gari lake la vifurushi. Karibu nimkumbatie.

Oktoba 23, Alhamisi

Kona ilitushika tena. Lutgarde hakubanduka kwenye usukani. Mvua.

Oktoba 24

Jioni ya kwanza ya msako! Tonton anaendesha, mimi nimekaa kando yake, antena dirishani, laptop mapajani. Na kelele tuliipata mara moja. Tatizo ni kwamba tuliipata kila mahali: mbele ya nyumba, nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, kando ya mfereji, hadi Vilvoorde. Nikigeuza antena kulia, ipo. Kushoto, ipo. Tonton alicheka akasema labda Brussels nzima ina wazimu.

Oktoba 29

Tumezunguka tena. Kelele kila mahali. Nadhani antena yangu imeingia maji.

Oktoba 31

Els ameipima antena maabara. Nzima kabisa. Akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi nilipopima. Nikasema garini. Akasema jaribu nje ya gari, bati linaweza kukuchanganya. Wiki hii kuna sikukuu ya Watakatifu, mji umefungwa, wenyeji wangu wamealikwa Liège. Nitajaribu wakirudi.

Novemba 6, Alhamisi

Lazima niandike kabla sijalala.

Ukungu ulikuwa mzito tangu asubuhi. Pol alisimama mbele kabisa ya tishari na redio ya mkononi, awe macho ya dada yake. Lutgarde aliacha kisanduku kiongoze kwa sababu yangu, mimi ndiye niliyemwomba, ili nipate kipimo kimoja cha mwisho. Viganja vyake vilikuwa juu ya usukani, hajaugusa.

Tulipokaribia kona nikaona mstari wa kelele unapanda kwenye laptop. Nikasema, “Imeanza.” Skrini ya kisanduku: katikati ya mfereji, kijani. Nje: weupe mtupu.

Kisha sauti ya Pol ikaja redioni, kwa lugha yao, neno moja mara tatu. Lutgarde alizungusha usukani na kurudisha injini nyuma kwa pamoja. Chombo chenye shehena ya mchanga hakisimami kama baiskeli. Kiliguna, kikatikisika, na ukungu ukafunguka upande wa kulia nikawaona: wasichana wanane kwenye mtumbwi mwembamba wa mashindano, wanafunzi, wamesimama kando ya ukuta kupisha. Walikuwa wamefanya sahihi kabisa. Sisi ndio hatukuwa mahali petu.

Wimbi letu liliwanyanyua. Makasia yao yakagonga ubavu wetu, moja likavunjika. Msichana mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa karibu nami kiasi cha kuona mvuke wa pumzi yake. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama anayengoja nimwambie la kufanya.

Ukuta ulikuwa nyuma yao, sisi mbele yao. Lutgarde aliivuta Volharding pole pole kwenda kushoto, na nafasi ilianza kupatikana, na hapo hapo mnong’ono wa setilaiti ukarudi. Skrini ikaruka. Mashine ikataka kuusukuma mkia wetu juu yao. Lutgarde aliipiga swichi ya kisanduku kwa ngumi hadi kifuniko kikapasuka.

Wakapita. Wote wanane wakapita.

Lutgarde alifunga gatini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwambia kaka yake kitu. Pol akanitafsiria: “Anasema atajiripoti yeye mwenyewe. Anasema, kama kosa ni ya macho yake, heri bamunyang’anye cheti leo.”

Nilimwambia si macho yake. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa changu kibovu. Alinishika shavu, akaenda kupiga simu.

Novemba 7

Mkaguzi ameamua: Lutgarde aendeshe kwa mkono tu. Tarehe 11 Desemba atakuja melini kumsikiliza. Asipopata maelezo ya kutosha, cheti kinachukuliwa.

Bila cheti, Volharding inauzwa. Hakuna aliyesema, sote tunajua.

Novemba 8, Jumamosi

Mezani niliwasimulia habari za wasichana wale. Maman alishika kifua. Nikawaeleza na dhana ya Els: huenda ni kifaa kidogo, madereva hukinunua mtandaoni, hukichomeka pale pa kuchajia simu garini ili bosi asiwaone kwenye ramani. Wao wanadhani kinaficha gari lao tu. Kumbe kinafunika kila anayesikiliza GPS pale karibu, meli, gari la wagonjwa, chochote.

Tonton aliacha kula. Akasema amechoka, akaenda chumbani.

Novemba 10

Nilimwomba tonton tukatafute tena. Akasema mgongo unamuuma. Nadhani nimemchosha na habari zangu.

Novemba 12

Nimeenda mwenyewe, tramu halafu miguu. Nimepima Saint-Gilles, kimya. Gare du Midi, kimya. Mfereji wote, kimya safi, setilaiti zinanong’ona kama siku ya kwanza ya dunia.

Nilisimama chini ya daraja muda mrefu. Kuna jambo lilinijia akilini na sikulitaka. Sitaliandika leo.

Novemba 13, Alhamisi

Sasa naliandika.

Nilimwachia Pol laptop moja ndani ya Volharding, nikamfundisha mstari wa kutazama. Mimi nikatangulia kwenye kona na antena, simu sikioni. Mvua ilikuwa ya kulala, inakuja usoni badala ya kichwani. Maghala ya vifurushi, magari ya mizigo yameegeshwa kando ya maji, mengi, meupe yote.

Kelele ikawaka. Nilizungusha antena polepole. Mara hii ilikuwa na upande! Nikageuka nayo, nikaifuata, gari la kwanza, la pili, la tatu, kipimo cha antena kikapanda hadi hakikuwa na pa kupanda tena. Nikalijua gari kabla ya kusoma namba. Nimekaa ndani yake jioni kadhaa.

Tonton Onésime alikuwa amelala, kiti kimelazwa, mdomo wazi, mikono kifuani. Pale pa kuchajia palikuwa na kijiti cheusi chenye taa ndogo ya bluu.

Pol alisema simuni, “Tunakaribia. Mustari inapanda, Sumaya. Inapanda sana.”

Niligonga kioo. Tonton alishtuka, akanitambua, akafungua mlango. Sikusalimia. Niliinama kupita magoti yake, nikachomoa kijiti.

“Mustari imeanguka,” Pol akasema. “Yote. Umefanya nini?”

Volharding ikatokea kwenye mvua, ndefu, nyeusi, ikakata kona katikati kabisa. Lutgarde alipunga mkono kutoka dirishani. Nilipunga pia. Nilikuwa na furaha, na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja.

Nikaingia garini, nikakaa kiti changu.

“Tonton, hiki unakitumia cha nini?”

“Ya kulala,” akasema. “Patron, bosi yangu, iko naona kila kintu. Nikisimama dakika tano, téléphone inalia. Naamka saa ya mapema sana, Sumaya. Mchana macho inajifunga yenyewe. Nikiweka hii, kwake inaandika kama réseau, mtandao, imepotea, njo napata nusu saa.”

“Na jioni tulipokuwa tunatafuta?”

“Camionnette ni ya kazi. Haifai kubeba muntu. Niliacha mule, patron asituone.” Akapangusa kioo ingawa mvua ilikuwa nje. “Sikujua. Mpaka siku ile uliongea juu ya batoto ba bateau. Nikajiuliza. Halafu nikasema, non, kintu kadogo vile haiwezi kugeuza bateau muzima ya mchanga. Nikajaribu kuiacha siku moja. Patron alinipigia mpaka nikalia. Nikairudisha.”

Nilikiweka kijiti juu ya dashibodi, katikati yetu. Huyu ni mtu aliyeogopa nisife na baridi, aliyenizungusha mji mzima kutafuta kelele ya gari lake mwenyewe, na ambaye tangu Jumamosi alikuwa nusu anajua. Nilimkasirikia na nilimhurumia, na gari lilikuwa na harufu ya ndizi.

Novemba 14

Els anangoja ripoti. Nikiandika “gari la mizigo lisilojulikana”, mkaguzi ataliona ni hadithi ya kumtetea rafiki. Nikiandika jina, nimemuuza mwenye nyumba yangu.

Maman ameambiwa na mumewe. Alinijia jikoni.

“Uliingia humu na valise moja ya nguo. Nikakuita mutoto. Leo unataka kumupeleka kwa bapolisi?”

Nilimwambia sijapeleka jina popote. Nikamwambia pia habari za yule msichana wa kofia ya sufu, kwamba hakupiga kelele. Maman akakaa. Sufuria likaanza kuungua.

Halafu akauliza, “Hélicoptère ya hôpital, ile inaleta bagonjwa, nayo inasikiliza bile bintu?”

“Setilaiti zilezile, maman.”

“Na kama iko anapita hapo juu ya camionnette yake?”

“Rubani ana njia nyingine. Lakini ukungu ukiwa mzito, ni hatari.”

Akazima jiko. Akaniambia niende nikalale, hayo ni maneno ya mtu na mkewe.

Novemba 16, Jumapili

Asubuhi hawakwenda kanisani. Tonton alivaa suti yake ya kijivu, akaniambia nimpeleke kwa mama wa tishari. Kijiti alikifunga ndani ya leso.

Tuliwakuta Lutgarde na Pol wakimenya viazi. Pol alimkaribisha kwa Kiswahili, na kwa sekunde kadhaa walikuwa wanaume wawili wa Bukavu tu, wakitajiana mitaa. Kisha tonton akasimama. Hakukaa tena hadi alipomaliza.

“Papa, umuambie dada yako hivi. Kelele ni yangu. Sikujua mwanzo, lakini mwisho nilianza kujua, na niliendelea. Nimekuja mimi mwenyewe, Sumaya hakunivuta.”

Pol alitafsiri taratibu. Lutgarde alikichukua kile kijiti, akakigeuza kwenye kiganja chake. Kilikuwa kidogo kuliko kiazi. Alimtazama tonton usoni bila haraka, nami nikajiandaa kwa hasira. Alikuwa nayo, ilikuwa wazi, shingo ilikuwa nyekundu. Alisema maneno machache makali ambayo Pol hakuyatafsiri.

Kisha akauliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi. Tonton akajibu. Lutgarde akasema baba yake aliwahi kulala amesimama usukanini, akapiga lango la mfereji, kwa sababu mwenye mizigo hakumpa siku ya kupumzika. Halafu akaelekeza kisu cha viazi kwenye kile kisanduku cheusi, akasema jambo lililomfanya Pol atabasamu kwa mara ya kwanza.

“Anasema, huyu alipiga kelele na hakujua. Lakini ile ilinyamaza, na ni kazi yake kusema.”

Tonton atatoa ushahidi mbele ya mkaguzi.

Novemba 25

Mgomo nchi nzima. Tramu hakuna. Nimetembea hadi chuoni kwenye baridi, na nilifurahi njia nzima, maana Els amepata ruhusa ya jaribio melini.

Desemba 3

Tonton alikipeleka kifaa chake ofisi ya mawimbi ya redio. Wamekichukua, wamempiga faini. Bosi wake alipojua, alimnyang’anya funguo za gari siku hiyohiyo. Wiki nzima nilimwogopa maman, lakini leo alinipakulia chakula kabla ya mumewe, kama zamani. Tonton ameandikishwa kwenye mafunzo ya kuendesha basi. Anasema kule dereva akifika kituo cha mwisho, sheria inamlazimisha apumzike.

Desemba 10

Kesho. Nimepima kila waya. Sina usingizi wala siutaki.

Desemba 11, Alhamisi

Tulikuwa wengi chumba cha usukani hadi vioo vikaingia mvuke: Lutgarde usukanini, mkaguzi na koti lake la njano, Els, Pol, tonton Onésime na suti ya kijivu, na mhandisi Jens. Nilidhani nitamchukia. Ni kijana mrefu mwenye mafua, aliyeleta keki.

Tonton alitoa ushahidi wake kabla hatujang’oa nanga. Mkaguzi alimsikiliza bila kumkatiza. Jens alisema pole sana kwa kilichotokea, basi kosa limepatikana, ni kile kijiti.

Els akasema, “Sasa tutazame kosa la pili.”

Hatukurusha mawimbi yoyote hewani. Nilichomeka waya moja kwa moja kwenye kisanduku kipya alichotuletea Jens, na ndani ya waya nikacheza kelele ileile niliyoinasa Oktoba. Mfereji ulikuwa umefungwa kwa ajili yetu, mweupe kwa baridi, hakuna mtumbwi wala bata. Lutgarde akakiachia kisanduku kiongoze. Mikono yake akaiweka mifukoni! Mkaguzi aliiona.

Nikaanzisha kelele.

“Unaona nini?” Els akamuuliza Jens.

“Kijani,” akasema. “Katikati ya njia. Kila kitu kawaida.”

Pua ya Volharding ilikuwa imeshaanza kuinama kulia. Sote tulikuwa tunatazama nje, isipokuwa Jens. Alikuwa anaitazama skrini kama mtu anayemtazama mwanawe jukwaani. Ukuta ukaanza kuonyesha mawe yake, kisha kuvu ya kijani kati ya mawe, kisha pete za chuma za kufungia kamba.

“Na sasa?”

“Kijani bado. Tupo...” Akainua kichwa.

Sijui aliona nini kwanza. Alirukia usukani yeye mwenyewe, hajui hata unazungushwaje, akagongana na Lutgarde aliyekwisha kuushika. Volharding ikageuka kwa ulaini, kama mlango, na ukuta ukapita kando yetu karibu kiasi cha kuusalimia. Nikazima kelele. Skrini ikaruka. Ilikuwa bado kijani.

Jens alipangusa pua. Akaniuliza kama naweza kurudia. Nikarudia. Mara ya pili hakutazama skrini kabisa, alitazama ukuta tangu mwanzo, na uso wake ulibadilika pole pole.

Alitoka nje kwenye baridi bila koti. Tulimwona kupitia kioo akipiga simu, akizunguka, akipaza sauti, mtu mpole yule. Aliporudi alimwambia mkaguzi kwamba kampuni inawaagiza manahodha wote wazime visanduku sasa hivi, hadi vitakapofundishwa kulia. Kisha akamgeukia Lutgarde akamwomba radhi kwa Kiflamand, lugha yao. Lutgarde akamkatia kipande cha keki yake mwenyewe, kikubwa.

Mkaguzi alitoa mkobani cheti cha Lutgarde, alichokuwa amekabidhiwa asubuhi, akakiweka juu ya meza ya ramani. Pol alikishika haraka kabla hakijadondokewa na makombo.

Ndipo redio ya meli ikaanza kuongea. Sauti moja, nzito, kutoka mahali fulani upande wa Antwerp. Kisha nyingine kwa Kifaransa. Kisha ya mwanamke. Agizo lilikuwa limewafikia, na kila nahodha alikuwa akiwatangazia walio karibu naye. Pol alisimama kichwa kimeinama, akitutafsiria mimi na tonton, sauti ikikatika.

“Huyu anasema, naendesha kwa mukono. Huyu naye, kwa mukono. Huyu anasema ilimufanyia vile mara mbili, alizani ni uzee. Huyu, kwa mukono. Huyu...”

Zilikuja nyingi hadi zikapandana. Tonton alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, nilicheka machozi yakanitoka, na Lutgarde, mkono mmoja usukanini, akainua kipaza sauti kwa mkono wa pili ili naye aseme jina la chombo chake.